Makohozi yana bakteria lakini si TB: usugu wa dawa kwa mikobakteria wengine, na kwa nini azithromaisini isinywewe peke yake

Mfamasia wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, akapungua uzito na kutoka jasho usiku, wazo la kwanza la kila mtu ni TB, na mara nyingi wazo hilo huwa sahihi. Uzi huu unawahusu wale wachache ambao makohozi yao, yakitiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, yanaonyesha vijiti vyekundu vilevile, lakini mashine ya GeneXpert inasema vinasaba vya kifua kikuu havipo. Baadhi yao huanzishiwa dawa za TB, hawapati nafuu, wanarudiwa dozi, na mwishowe wanahesabiwa kuwa na TB sugu ilhali hawajawahi kuugua TB hata siku moja.

Wanachougua ni mikobakteria wasio wa kifua kikuu, ambao kwenye majibu ya maabara huandikwa kwa kifupi NTM. Spishi zao zinakaribia 200, na nyingi hazimdhuru mtu. Wanaishi kwenye udongo na maji, hujenga utando ndani ya mabomba na matangi, na klorini inayoua bakteria wengi huwaacha wakiendelea na maisha yao. Wanaosumbua mapafu zaidi ni kundi la Mycobacterium avium, ambalo wataalamu huliita MAC, kisha M. kansasii na M. abscessus. Huwapata hasa watu ambao mapafu yao yamekwisha kuharibika: aliyewahi kuugua TB ikamwachia makovu na matundu, aliyevuta vumbi la mgodini kwa miaka, mwenye mirija ya hewa iliyotanuka na kulegea, au ambaye kinga yake imeshuka.

Usugu wao uko wa aina mbili, na nisingependa tuzichanganye. Upo usugu wa kuzaliwa nao. Ukuta wa bakteria hawa una mafuta mazito yanayofanana na nta, dawa nyingi hazipenyi, na zile zinazopenya husukumwa nje au huvunjwa na vimeng'enya. Ndiyo maana pirazinamidi na isoniazidi, ambazo ni tegemeo katika TB, hazina msaada wa maana kwa MAC, na ndiyo maana M. abscessus hashtushwi na dawa yoyote ya mstari wa kwanza wa TB. Halafu upo usugu wa kutengenezwa, nao tunautengeneza sisi watoa dawa na wanywa dawa. Huo ndio ulionifanya niandike.

Kwa MAC wa mapafu, matibabu yanayokubalika kimataifa, na yaliyorudiwa katika mwongozo wa mwaka 2020 wa vyama vya madaktari wa kifua na wa magonjwa ya kuambukiza vya Marekani na Ulaya, ni dawa tatu kwa pamoja: azithromaisini, rifampisini na ethambutoli. Mgonjwa asiye na matundu kwenye mapafu anaweza kuzinywa mara tatu kwa wiki, mwenye matundu huzinywa kila siku na kuongezewa sindano za amikasini au streptomaisini kwa miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Katika hizo tatu, azithromaisini ndiyo nguzo. Rifampisini na ethambutoli zimewekwa hapo, kwa sehemu kubwa, kuilinda nguzo isianguke.

Na huanguka kirahisi mno. Azithromaisini hufanya kazi kwa kushika sehemu moja mahususi ya kiwanda cha bakteria cha kutengeneza protini. Badiliko la herufi moja tu ya kinasaba mahali hapo, kwenye nafasi ya 2058 au 2059 ya jeni iitwayo rrl, linatosha kuifanya dawa isishike tena. Katika mamilioni ya bakteria waliomo kwenye tundu moja la pafu, wachache tayari wana badiliko hilo. Ukimpa mgonjwa azithromaisini peke yake kwa miezi, unawaua wenzao wote na kuwaachia hao wachache nyumba nzima.

Gharama yake ni hii. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia wagonjwa 51 wa MAC iliyokwisha kuwa sugu kwa dawa za kundi la azithromaisini. Waliokatwa sehemu ya pafu iliyoharibika na kuchomwa sindano kwa zaidi ya miezi sita walikuwa 14, na 11 kati yao makohozi yao yalisafika. Kati ya 37 waliobaki, walisafika wawili. Sasa jiulizeni, ni wangapi kati yetu, kuanzia Tunduma hadi Ludewa, wanaoweza kupata upasuaji wa pafu.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja: kabla hatujaanza kuulizia dawa mpya za bei ya kutisha, tuilinde hii tuliyo nayo dukani.

Binti wa Makambako

Shikamoo mkuu, na asante kwa maelezo. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, aliwahi kuugua TB miaka mingi iliyopita akapona, na sasa makohozi yake yameoteshwa na kuonekana ni MAC. Kilichotuchanganya ni karatasi ya majibu. Imeandikwa kwamba bakteria wake ni sugu kwa rifampisini na kwa ethambutoli, lakini daktari amemwandikia hizohizo mbili pamoja na azithromaisini. Kaka yangu anasema daktari hakusoma majibu, na anataka tumwachishe mama dawa hadi tupate daktari mwingine. Naomba mwanga.

Mfamasia wa Uyole

Marahaba, binti yangu. Mpe pole mama, na tafadhali msimwachishe dawa kabla ya kurudi kwa daktari wake, kwa sababu mimi mgonjwa sijamwona na siwezi kumtibu kupitia jukwaa. Kuhusu karatasi ninaweza kusema kwa uhakika, maana swali lako linawasumbua hata watumishi wa afya.

Tumezoea TB, na katika TB kipimo cha usugu kikisema dawa haifanyi kazi, dawa hiyo huondolewa. Kwa MAC mambo hayaendi hivyo. Kinachoonekana kwenye chupa ya maabara kuhusu rifampisini na ethambutoli hakilingani na kinachotokea kwa mgonjwa. Wapo ambao bakteria wao wameandikwa sugu kwa dawa hizo, wakazitumia pamoja na azithromaisini, na wakapona. Ndiyo maana mwongozo unasisitiza vipimo vya dawa mbili tu kwa MAC: kundi la azithromaisini na klarithromaisini, na amikasini. Maabara nyingi hupima kundi hilo kwa kutumia klarithromaisini, na jibu lake hubeba zote mbili. Itafute klarithromaisini kwenye karatasi hiyo. Kiwango kinachomzuia bakteria, kwa mikrogramu katika mililita, kikiwa 8 au chini yake, nguzo imesimama. Kikiwa 32 au zaidi, imeanguka, na hapo matibabu yote yanapaswa kupangwa upya. Kwa amikasini ya sindano, mpaka wa usugu ni 64.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba daktari alisoma majibu vizuri kuliko kaka yako. Mwambie kwa upole, maana nia yake ni njema.

Niongeze kwamba kwa M. kansasii hali ni tofauti: huko rifampisini ndiyo nguzo, na usugu wake ukionekana kwenye karatasi unapaswa kuaminiwa. Jina la spishi ndilo linaloamua namna ya kusoma majibu yote yanayofuata, na karatasi inayoishia kwenye NTM bila kutaja spishi haijamaliza kazi.

Duka la Dawa Mafinga

Mkuu, ninaheshimu taaluma yako, lakini naona unatubebesha mzigo usiotuhusu. Mimi nina duka la dawa muhimu, nimesomea kozi yake na nina kibali. Mteja anakuja usiku, anakohoa, zahanati imefungwa, mvua ya Mafinga unaijua na baridi yake unaijua. Akipewa vidonge vitatu vya azithromaisini vya siku tatu anapona na kurudi shambani au kwenye mbao zake. Je, siku tatu hizo ndizo zinazozalisha usugu unaousema?

Mfamasia wa Uyole

Ndugu yangu, swali la haki. Dozi moja fupi kwa mtu mwenye homa ya mapafu ya kawaida siyo inayoogopwa zaidi katika suala hili mahususi, ingawa kwa bakteria wengine wa kikohozi na wa magonjwa ya zinaa ina madhara yake, na cheti cha daktari kina sababu yake. Kinachoogopwa ni mtu yuleyule anayerudi dukani kwako mara kwa mara kwa kikohozi kilekile. Vidonge vitatu leo, nafuu kidogo, mwezi ujao vitatu vingine, wakati mwingine akichanganyiwa na siprofloksasini kwa matumaini kwamba mbili ni bora kuliko moja. Mchanganyiko huo haumlindi, kwa sababu dawa za kundi la siprofloksasini haziizuii MAC kujenga usugu dhidi ya azithromaisini. Wewe ndiye unayemwona mtu huyo kabla yetu sote. Akirudi mara ya pili, usimuuzie tena. Mpeleke akapimwe makohozi.

Na lawama isiishie dukani. Wapo madaktari wanaowaandikia wagonjwa wenye mirija ya hewa iliyotanuka azithromaisini ya miezi mingi ili kupunguza mashambulizi ya kikohozi. Tiba hiyo ipo na inasaidia, ila kabla ya kuianza makohozi yanapaswa kuoteshwa kuhakikisha hakuna NTM, na hatua hiyo ndiyo inayorukwa.

Maabara Iringa

Naomba nichangie upande wetu wa maabara, kwa sababu mwanzisha uzi ameanzia kwenye dawa wakati mgogoro mwingi unaanzia kwenye kopo la makohozi.

Kwanza, kumwona NTM kwenye makohozi mara moja hakutoshi kusema mtu anaumwa. Bakteria hawa wamo majini. Mgonjwa akisukutua kinywa kwa maji ya bomba dakika moja kabla ya kukohoa, au kopo likisuuzwa kwa maji hayo na mtu mwenye nia njema ya usafi, kinachoota kwenye chupa yetu kinaweza kuwa kimetoka bombani. Ndiyo sababu vigezo vinadai mambo matatu kwa pamoja: dalili, picha ya kifua inayoonyesha matundu, vinundu au mirija iliyotanuka, na makohozi ya angalau mara mbili tofauti yaliyootesha spishi ileile. Sampuli moja inatosha iwapo imechukuliwa kwa kusafisha mirija ya hewa kwa kifaa maalumu, au kama kipande cha nyama ya pafu chenyewe kinaonyesha ugonjwa.

Pili, GeneXpert haijatengenezwa kumtafuta NTM. Inatafuta kifua kikuu na usugu wa rifampisini. Ikisema hakuna TB wakati hadubini inaonyesha bakteria, majibu hayo mawili hayapingani, yanakuambia uoteshe. Uoteshaji ukifanikiwa, kipo kipimo kidogo cha kutafuta protini ya MPT64, kinachofanana na kile cha ujauzito kwa mwonekano: mstari ukitokea ni jamii ya kifua kikuu, usipotokea fikiria NTM na upeleke sampuli maabara ya rufaa ikatambuliwe spishi.

Tatu ni M. abscessus, ambaye watu humsoma kwa haraka. Anaota ndani ya wiki moja, tofauti na wenzake, na siku ya tatu hadi ya tano ukimpima kwa klarithromaisini anaonekana anasikia dawa. Mwache chupani hadi siku ya 14 na umtazame tena. Wengi wao wana jeni iitwayo erm(41) ambayo hulala hadi bakteria aguswe na dawa, kisha huamka na kuufunga mlango. Anayetoa majibu siku ya tano na kufunga faili anamdanganya daktari bila kujua.

Mfamasia wa Uyole

Asante sana Maabara, na hapo umegusa penye kidonda. M. abscessus ana nususpishi tatu. Ya massiliense ina erm(41) iliyokatika, haifanyi kazi, kwa hiyo azithromaisini humsaidia mgonjwa na matokeo ni mazuri kwa kiasi kikubwa. Nususpishi ya abscessus yenyewe mara nyingi ina jeni nzima, na hapo mgonjwa huhitaji dawa nyingine angalau tatu kwa mkupuo: amikasini, imipenemu au sefoksitini, na taigesaiklini kupitia mshipa kwa wiki kadhaa, kisha klofazimini, linezolidi na dawa ya kuvuta kwa miezi mingi. Hata kwenye hospitali zenye kila kitu, wanaopona ni chini ya nusu. Siyo ugonjwa wa kujaribujaribu wilayani.

Mchimbaji Chunya

Wakuu, mimi niko machimboni. Je, ugonjwa huu unaambukiza kama TB? Tunalala wengi kwenye kambi moja.

Mfamasia wa Uyole

Kwa kawaida hauhami kutoka mtu kwenda mtu. Dalili za uambukizo huo zimeonekana kwa M. abscessus miongoni mwa wagonjwa wa ugonjwa wa kurithi wa mapafu uitwao sistiki faibrosisi, siyo kambini. Hatari yenu ni vumbi la mwamba linaloandaa mapafu kupokea TB pamoja na jamaa zake. Wachimba dhahabu wa Afrika Kusini wamechunguzwa sana na M. kansasii ameonekana kwao kwa wingi. Na sisi wa Rungwe tuna babu zetu waliokwenda Wenela, yaani kazi za migodi ya Afrika Kusini, wakarudi na kifua ambacho hakuna aliyekijua jina. Pimeni TB kwanza, kwa sababu TB ndiyo itakayowaambukiza wenzenu kambini.

Muuguzi wa Makete

Naona kinga kushuka imeguswa kwa kupita bila VVU kutajwa, nami kwa mahali nilipo siwezi kulinyamazia suala hilo. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Mgonjwa anayekuja amechelewa, CD4 (seli za kinga) zikiwa chini ya 50, anaweza kuwa na MAC iliyosambaa kwenye damu, ini na uboho, bila kikohozi chochote: homa zisizokatika, kuhara, kukonda na upungufu mkubwa wa damu. Huyo asipewe azithromaisini peke yake kwa kubahatisha.

Swali langu ni kuhusu mwingiliano. Wateja wetu wa CTC, kliniki ya VVU, wengi wanatumia dawa ya VVU iitwayo dolutegraviri. Tukiwaongezea rifampisini tunafanyaje?

Mfamasia wa Uyole

Dada, ahsante kwa kulileta. Rifampisini huliamsha ini lichome dawa nyingine upesi. Dolutegraviri ya miligramu 50 hutolewa mara mbili kwa siku badala ya mara moja kwa muda wote wa rifampisini, na huendelea hivyo kwa takriban wiki mbili baada ya kuiacha, kama mnavyofanya kwa wagonjwa wa TB. Klarithromaisini nayo hushushwa sana na rifampisini, ndiyo sababu mojawapo azithromaisini hupendelewa. Vidonge vya uzazi wa mpango pia hudhoofika, na jambo hilo akina mama waambiwe waziwazi siku ya kwanza.

Kwa MAC iliyosambaa, azithromaisini au klarithromaisini pamoja na ethambutoli ndiyo msingi, na dawa za VVU zenyewe ni nusu ya tiba.

Kijana wa Tukuyu

Nimesoma kuhusu virusi vinavyokula bakteria sugu. Je, hiyo si njia ya mkato kwetu?

Mfamasia wa Uyole

Habari ni ya kweli, na ina mguu mmoja Afrika. Mwaka 2019 iliripotiwa habari ya kijana wa miaka 15 jijini London, aliyepandikizwa mapafu kisha M. abscessus akamsambaa mwilini, akapewa mchanganyiko wa virusi vitatu kutoka maabara ya Graham Hatfull ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Kimojawapo, kiitwacho Muddy, kilipatikana Durban kwenye bilinganya lililooza. Kijana alipata nafuu kubwa. Baadaye wagonjwa 20 walioripotiwa kwa pamoja walipopewa tiba ya namna hiyo, 11 walionyesha matokeo mazuri. Lakini kila mgonjwa hutafutiwa kirusi kinachomweza bakteria wake mwenyewe, na wengi hukosa. Hiyo si njia ya mkato, mdogo wangu.

Iliyo karibu zaidi ni amikasini iliyofungwa kwenye vijifuko vya mafuta na kuvutwa kwa mashine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa wagonjwa wa MAC walioshindikana baada ya miezi sita ya tiba. Katika jaribio lake, makohozi yalisafika kwa asilimia 29 ya walioipata pamoja na dawa za kawaida, dhidi ya 8.9 ya waliotumia za kawaida peke yake. Ni maendeleo, lakini angalieni kwamba saba katika kila kumi bado hawakusafika. Klofazimini, bedakwilini na linezolidi tayari zinajulikana nchini kupitia matibabu ya TB sugu, na daktari bingwa anaweza kuzifikiria, moja au zaidi, kwa mgonjwa ambaye nguzo yake imeanguka. Nazo zisiongezwe moja baada ya nyingine kwenye tiba inayoshindwa, kwani kufanya hivyo ni kuipeleka kila dawa mpya ikapigane peke yake.

Binti wa Makambako

Nimepata karatasi. Klarithromaisini imeandikwa 2. Kaka ametulia. Swali la mwisho: mama anahesabu mwaka mmoja tangu alipoanza vidonge na ameshaweka alama kwenye kalenda. Ni sahihi?

Mfamasia wa Uyole

Hiyo 2 ni habari njema sana. Kalenda, kwa bahati mbaya, atalazimika kuisogeza. Mwaka hauhesabiwi tangu kidonge cha kwanza, unahesabiwa tangu makohozi yaliposafika, yaani tarehe ya sampuli ya kwanza kati ya tatu mfululizo zilizooteshwa bila kuota kitu, zikipishana angalau wiki nne. Kwa hiyo apeleke makohozi kila mwezi au kila baada ya miezi miwili hata kama hakohoi sana, na mwombe daktari aandike tarehe hiyo kwenye faili.

Mpimeni macho kila mwezi kwa sababu ya ethambutoli: mpeni khanga yenye nyekundu na kijani, jicho moja moja, mwambieni ataje rangi. Akianza kuzichanganya, au maandishi ya gazeti yakififia, aache ethambutoli siku hiyohiyo na aende hospitali, huku mkimkumbusha daktari kwamba azithromaisini isibaki bila mwenza wa kutosha.